Tulipima Lango, Hatukupima Kilima

Saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, siku ya Jumanne, gurudumu la nyuma la upande wa kulia liliacha ardhi. Trekta haikuwa yetu bado. Tulikuwa tumebakiza siku moja tu kuinunua. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya mteremko nikiitazama, nikipima muda ambao mashine ingetumia kukata mistari mitano ya nyasi. Ilikuwa katika mstari wa tatu. Kwenye kiti alikuwa Kamau, mwenzangu wa kazi kwa miaka kumi na minne. Hatua thelathini hivi chini yake kulikuwa na ua wa miti ya miiba ya kayaba, na nyuma ya ua, mto.

Gurudumu liliinuka polepole, bila haraka yoyote, kama mguu wa mbwa aliyeona nguzo.

Mwacheni Kamau hapo kwa sasa. Nitamrudia. Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kutunza viwanja mnapenda kuniuliza ni trekta gani ndogo inayofaa mahali penye vilima, na mkishauliza mnatoa simu mnionyeshe picha. Picha zote ni nzuri. Sijawahi kuona picha ya trekta mbaya. Ndiyo maana nataka kwanza mjue jinsi mtu mwenye daftari, futi na kalamu mbili alivyokaribia kumuua rafiki yake kwa kuchagua trekta kwa uangalifu mkubwa.

Kazi hii sikuifundishwa shuleni. Nilizaliwa Mathare, upande wa bondeni, na nilianza kukata nyasi kwa slasha ya mkono nikiwa na miaka kumi na saba. Yote niliyoyajua baadaye kuhusu injini niliyatoa katika vitabu vya mashine nilivyookota kwa wauza vyuma vikuukuu, vingi vikiwa havina jalada. Kamau aliniita Prof. Kwa miaka mingi nilidhani ananisifu.

Mathare ilinifundisha jambo moja ambalo lilikuja kutudhuru. Mtu aliyekulia bondeni hujua kutembea kwenye mteremko kabla hajajua kusoma. Ukiwa na mtungi wa lita ishirini, hupandi moja kwa moja; unakata kwa upande, kidogo kidogo, mguu wa chini ukiutanguliza kwa makini. Kwa mtu wa miguu miwili, kwenda kwa upande ndiyo salama. Hilo nililiamini kama ninavyoamini kwamba jua hutokea upande wa Njiru. Sikuwahi kufikiri kwamba trekta haina magoti.

Sasa, kazi yenyewe. Ng'ambo ya Kayole, mwendo wa nusu saa kwa trekta, kuna kituo cha mafunzo cha watawa. Nyumba ziko juu, na kuanzia hapo uwanja wote unateremka hadi mtoni. Msimamizi wake, Sista Perpetua, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, na alikuwa amechoka na watu wa kukata nyasi. Mkandarasi aliyetutangulia alikuwa ameacha mashine yake kituoni wikendi moja. Jumatatu iliyofuata ilibaki rangi yake tu kwenye nyasi. Kwa hiyo Sista alikuwa na sharti moja.

"Nawapa mwaka mzima wa kazi," alituambia. "Nyasi, mitaro, njia, kila kitu. Lakini mashine yenu isilale hapa hata siku moja. Sitaki kuhojiwa na polisi tena kwa kitu ambacho si changu."

Mwaka mzima wa kazi! Kamau aliinama akavuta soksi zake ili Sista asione anavyocheka. Tulikuwa watu watatu katika biashara hiyo: mimi, Kamau na Mama Shiro, mwenye ploti niliyokuwa nikipanga Kayole. Pesa yetu yote ya akiba ya miaka mingi ingetosha kununua trekta moja ndogo iliyotumika, iliyotoka Japani. Ikiharibika, hakuna ya pili. Ikikosea, hakuna kazi. Na kwa kuwa haikuruhusiwa kulala kituoni, ilibidi ilale katika ua wa ploti ya Mama Shiro, ambao mlango wake ulikuwa lango la chuma lenye upana wa sentimita mia moja ishirini na nane.

Nililipima mara tatu. Asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba chuma hupanuka kwa joto.

Lango hilo lilikuwa jembamba kwa sababu. Zamani lilikuwa pana, lakini Mama Shiro aliona kwamba watu hawahitaji nafasi ya gari ikiwa hawana gari, akajenga ukuta nusu ya lango na kuweka kibanda cha mboga cha kukodisha. Juu ya lango alipitisha mhimili wa chuma ili wezi wasiruke. Fundi wa vyuma wa mtaani alituambia linaweza kupanuliwa: kibanda kisogezwe, ukuta ukatwe, mhimili uinuliwe. Alipotaja bei, Kamau alimuuliza kama ni ya lango au ya ploti nzima pamoja na wapangaji.

Mama Shiro naye hakutaka kusikia. "Hilo lango limenilipa kodi kuliko ninyi wawili," alisema, kisha akanigeukia mimi, akiniita kwa jina la mwanangu. "Baba Mumo, wewe ni mtu wa hesabu. Tafuta trekta ya kuingia. Matrekta ni mengi, lango ni moja."

Hoja hiyo niliiona ina mantiki. Hata sasa nikiiandika naiona ina mantiki. Jihadharini na hoja za namna hiyo.

Nikafungua daftari. Niligawa ukurasa safu kumi na moja: bei, nguvu ya injini, saa ilizofanya kazi, hali ya matairi, upatikanaji wa vipuri, na kadhalika. Safu ya kwanza kabisa, niliyoipigia mstari kwa wino mwekundu, ilikuwa upana. Safu ya pili ilikuwa kimo. Mteremko haukuwa na safu.

Hapa nimtaje Mzee Nzioka. Alikuwa ameendesha matrekta katika mashamba ya kahawa ya milimani kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipostaafu alikuja kuishi na binti yake Kayole, ploti ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa akikaa mlangoni akichonga miiko na vinyago vya twiga kwa tezo, na kwake kila mtu aliye chini ya miaka sabini alikuwa kijana. Nilimwomba atusindikize kwenye yadi ya matrekta katika eneo la viwanda. Alikuja na kofia yake ya kahawia na kipande cha mti mfukoni ili mikono isikae bure.

Kabla sijawaambia nilichokosea yadini, niwaambie nilichofanya sawa, maana hayo pia ni yenu. Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu za pili, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika kwa sababu haiwaki ikiwa baridi. Kunywa soda yake, mshukuru, urudi siku nyingine bila kumwambia. Saa za kazi zilizoandikwa kwenye kioo cha dashibodi usiziamini sana, kioo hubadilishwa. Tazama pedali ya klachi: mpira ukiwa umelika hadi chuma huku kioo kikisema mashine imefanya kazi kidogo tu, mmoja wao anadanganya, na pedali haijui kudanganya. Vuta gurudumu la mbele kwa mikono miwili uone kama linacheza. Lala chini utazame mafuta yanapovuja, hata kama umevaa shati la kanisani. Halafu keti kwenye kiti, fumba macho, ushike kila mkono wa gia, breki na wa kuinulia mashine ya nyuma. Usioweza kuupata ukiwa umefumba macho, hutaupata siku ya hofu.

Hayo yote niliyafanya. Kisha nikatoa futi.

Trekta niliyoichagua ilikuwa nyembamba, imesimama juu kama mbuzi, injini ya nguvu za farasi ishirini na sita. Ilikuwa imetengenezwa kupita katikati ya mistari ya mimea shambani, na huko kwao ilikuwa na haki yake. Upana: sentimita mia moja kumi na mbili. Nilipousoma, Kamau alipiga makofi.

"Prof, hii inaingia freshi! Na chenji inabaki."

"Chenji ni sentimita kumi na sita," nilisema. "Nane kila upande."

Mzee Nzioka alikuwa ameegemea tairi la trekta nyingine, anachonga. "Kijana," aliniita, "mnanunua trekta au kabati?"

"Trekta, Mzee."

"Mbona unaipima kama kabati la kuingia chumbani?"

Nilimweleza habari ya lango. Akasikiliza yote. Akauliza, "Na kilima mmekipima?"

"Kilima nakijua, Mzee. Nimekiangalia."

"Hata mimi nilimwangalia mke wangu kwanza," alisema, akarudi kwenye mti wake.

Nyuma ya kiti cha trekta ile palikuwa pametengenezwa pa kufungia fremu ya kinga, yaani lile chuma linalosimama kama goli la mpira ili trekta ikipinduka isimlalie dereva. Muuzaji alisema anayo fremu yenyewe stoo, na hatatuongezea bei. Nilipima. Ikifungwa, isingepita chini ya mhimili wa Mama Shiro. Nikamwambia aiache huko huko stoo. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu aliyeokoa kitu.

Mzee Nzioka aliposikia, aliacha kuchonga. Hakunigombeza. Alimwita Kamau kando, akamshika sikio kama mtoto wa shule, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye ndevu.

"Gurudumu la juu likiinuka, unageuza usukani wapi?"

"Juu, Mzee. Ndiyo lirudi."

"Umekufa. Unageuza wapi?"

"Aa, Mzee, wacha sikio!"

"Wapi?"

"Chini?"

"Chini. Unaifuata inakotaka kwenda. Unaifuata, inatulia. Ukishindana nayo, inakulalia."

Kuanzia siku hiyo, kila Kamau alipopita kwenye ploti yao, mzee aliuliza kutoka mlangoni, bila kuinua macho kwenye twiga wake: "Wapi?" Na Kamau akajibu, "Chini, Mzee." Majirani walianza kumwita Kamau "Chini Mzee". Watoto walimwimbia. Alichukia kabisa.

Kabla ya kulipa bei yote, muuzaji alikubali tuifanyie majaribio siku moja kituoni kwa malipo kidogo. Alikuwa mtu muungwana na sina neno baya juu yake, alituuzia tulichoomba. Jumanne hiyo tuliipeleka, na mashine ya kukatia nyasi imefungwa nyuma. Mzee Nzioka alikuja pia. Alisema amekuja kuona kabati likipanda mlima.

Basi, turudi saa nne na dakika ishirini na tano.

Ni mimi niliyemwambia Kamau akate kwa upande, kwa kukatiza mteremko kama mistari ya daftari. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mistari ya upande hupendeza ukiitazama kutoka ofisini, na Sista alikuwa ofisini. Ya pili, ndivyo tunavyotembea sisi watu wa bondeni. Mistari miwili ya kwanza, ya juu kwenye mteremko mpole, ilikwenda vizuri. Wa tatu ulikuwa mahali ambapo ardhi inainama zaidi. Huko chini ya nyasi kulikuwa na shimo la fuko. Gurudumu la nyuma la upande wa chini likaingia shimoni kiasi cha kiganja tu. Kwa trekta pana hilo ni jambo la kumfanya dereva aseme "opsi". Kwa trekta nyembamba iliyosimama juu kama mbuzi, kiganja kile kilikuwa chote ilichokuwa ikisubiri.

Gurudumu la juu likainuka. Nikaona hewa chini yake. Nikaona mikono ya Kamau ikianza kugeuza usukani kuelekea kwangu, kuelekea juu, kama ambavyo mkono wa mtu yeyote ungefanya. Nilikuwa na saa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili.

Kando yangu Mzee Nzioka aliuliza, kwa sauti kubwa lakini bila woga wowote, kama mtu anayeuliza mpita njia kutoka mlangoni:

"Wapi?"

"Chini, Mzee!" Kamau alijibu.

Alijibu kabla hajafikiri, na mikono ikafuata mdomo. Usukani ukageuka chini. Trekta ikainamisha pua, gurudumu likarudi ardhini kwa kishindo, na chombo chote kikaanza kushuka moja kwa moja kuelekea kwenye ua, kikiwa sasa kimesimama vizuri kabisa na kikikimbia. Kamau alikanyaga breki. Magurudumu ya nyuma yakaacha kuzunguka, trekta ikaendelea kuteleza juu ya nyasi zilizokatwa kama sahani juu ya meza iliyopakwa sabuni. Kisha kayaba ikampokea.

Hamjui kayaba hadi iwapokee. Miiba yake ni mirefu kama kidole na haina huruma, lakini ua ule ulikuwa mzee na mnene kuliko ukuta, na ndio uliomtenga Kamau na mto. Tulipofika, injini ilikuwa imezimika na yeye alikuwa bado ameketi, mikono kwenye usukani, majani kichwani.

"Uko mzima?" nilimuuliza.

"Prof," alisema, "hii kazi ya kukata kwa upande, umeisoma kitabu gani?"

Sista Perpetua alikuwa ameshuka mbio hadi nusu ya mteremko. Alimwangalia Kamau, akaangalia alama mbili ndefu kwenye nyasi, kisha akaniangalia mimi na daftari langu.

"Nawapa hadi Ijumaa," alisema. "Mrudi na mashine inayofaa hapa, au mrudi na slasha za mkono. Msirudi na hii."

Mzee Nzioka hakutukumbusha kwamba alituambia. Alitoa mfukoni kile kipande cha mti alichokuwa akikichonga tangu siku ya yadi. Kilikuwa pembetatu nzuri, imelainishwa, na kwenye ncha ya juu amefunga uzi wenye nati ya chuma, timazi ndogo. Kwenye ubao wa chini alikuwa ametia alama moja kwa kisu. "Iweke juu ya ubao ulionyooka, ulaze ubao kwenye nyasi," aliniambia. "Uzi ukiwa upande huu wa alama, hiyo ni kazi. Ukipita alama, hiyo ni dua."

Niliiweka penye shimo la fuko. Uzi ulipita alama kwa upana wa vidole viwili.

Baadaye nililinganisha alama yake na vitabu vyangu. Ilikuwa nyuzi kumi na tano, na hiyo ndiyo niliyoikuta imetajwa tena na tena kuwa mpaka wa kawaida wa trekta ndogo, kwa uangalifu. Msipokuwa na mzee wa kuwachongea, chukueni ubao wa mita moja na pima maji. Laza ncha moja ya ubao juu ya mteremko, inua ya pili hadi povu likae katikati, kisha pima nafasi kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ikifika sentimita ishirini na saba, umefika kwenye alama ya Mzee Nzioka. Siku hizi hata simu hupima. Ilazeni juu ya ubao, si juu ya jani. Pimeni mahali pabaya zaidi, msipime mahali ambapo mwenye uwanja hupenda kusimama.

Mchana huohuo tulirudi Kayole kumwona Mama Shiro. Alikuwa ameketi ndani ya lango akichambua maharagwe. Alipomwona Kamau aliweka sinia chini, akaleta sindano na kibiriti, akamketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuanza kumtoa miiba begani. Nilimsimulia yote, hatua kwa hatua, kama vile ninavyowasimulia ninyi, pamoja na fremu iliyobaki stoo.

"Aii! Mama Shiro, pole pole!"

"Nyamaza. Dereva wa trekta analia sindano?" Alitoa mwiba mwingine, akauinua kwenye mwanga. "Baba Mumo. Hii miiba ni ya nini?"

"Ni ya lango," nilisema.

Mteja alikuja kibandani akauliza sukuma wiki, hakuna aliyemjibu. Mama Shiro aliuweka mwiba juu ya ukuta wake, karibu na ile mingine, mistari sawasawa, akachukua simu.

"Fundi," alisema, "uko wapi? Njoo na grinda. Ndiyo, lile. Hapana, leo."

Trekta ya pili ilikuwa katika yadi ile ile, hatua kumi kutoka ile ya kwanza. Nilikuwa nimeipita mara mbili bila kuiandika. Injini yake ilikuwa dhaifu kidogo, nguvu za farasi ishirini na mbili, na hilo lilimhuzunisha Kamau kwa dakika tano. Lakini ilikuwa fupi, imechuchumaa kama kuku anayeatamia. Fundi wa yadi alitoa magurudumu ya nyuma na kuyafunga yakiwa yamegeuzwa, rimu ndani nje, na papo hapo ikapata sentimita kumi na mbili zaidi bila kununua kitu. Ilikuwa na fremu ya kinga na mkanda. Kumbukeni hivi viwili ni mume na mke: mkanda bila fremu utakufunga kwenye chuma kinachokulalia, na fremu bila mkanda itakutupa nje kisha ikuangukie yenyewe. Muuzaji alihamisha malipo yetu ya majaribio kwenye trekta hii na hakutudai mikwaruzo. Bei zilikuwa karibu sawa.

Mzee Nzioka alitufundisha kuitumia Jumatano na Alhamisi. Tulikata kwa kupanda na kushuka, tukigeuza juu na chini mahali palipo tambarare, kamwe si katikati. Kwenye mwinamo mkali zaidi alitufanya tupande kinyumenyume, kwa kuwa mashine ya kukatia iko nyuma na ni nzito. "Kilima mpe matako," alimwambia Kamau. "Uzito ukae juu. Ukimpa kifua, pua itainuka na utaona mbingu kabla ya siku yako." Kushuka ni kwa gia ndogo, uliyoichagua ukiwa bado juu, na mguu mbali na klachi. Tena, ukishuka, acha magurudumu yote manne yavute. Sikulijua hilo siku ya Jumanne. Nilidhani magurudumu manne ni ya kupandia tu. Katika matrekta mengi madogo breki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiunganisha manne, na ya mbele husaidia kushika. Kamau alikuwa ameyatenganisha ili kuokoa dizeli. Kwa amri yangu.

Na palipopita alama, hatukupeleka trekta kabisa. Tulikata kwa slasha za mkono, tukitembea kwa upande, kama tulivyofundishwa na bonde.

Ijumaa Sista Perpetua alisimama dirishani tangu saa tatu hadi saa sita. Kisha akatuletea chai, vikombe viwili, na cha tatu akampelekea Mzee Nzioka mwenyewe, chini ya kivuli cha tangi la maji. Mwaka ule mmoja ukawa sita. Twiga aliyekuwa akichongwa siku hizo bado yuko ofisini kwake, juu ya kabati.

Mwaka jana mgongo uliniandikia barua ya kustaafu. Kamau bado anaendelea, na hivi karibuni alinionyesha mashine inayokata nyasi kwenye miteremko ikiongozwa kwa rimoti, mtu amesimama kando mikono mfukoni. Nilimuuliza ikipinduka je. "Inapinduka peke yake, Prof," alisema. Mkiweza kuinunua, inunueni. Mkishindwa, basi anzeni na kilima, halafu mtu atakayeketi, halafu mashine. Mahali itakapolala mpatafute mwisho. Daftari langu jipya lina safu kumi na mbili, na mnajua iliyo ya kwanza.

Lango la Mama Shiro sasa lina upana wa sentimita mia moja themanini, na kibanda cha mboga kiko upande wa pili, ambako kinauza zaidi. Fundi alikata ukuta, akainua mhimili, akaunga chuma, akapaka rangi. Tuligawana gharama watu watatu. Risiti ninayo, ndani ya lile daftari la zamani, kwenye ukurasa wa safu kumi na moja, pamoja na mwiba mmoja wa kayaba ambao Kamau aliniachia niwe nao. Kiasi kilichoandikwa kwenye risiti ndicho tulichokuwa tumejitahidi kukiokoa tulipomkalisha kwenye trekta nyembamba bila fremu: shilingi elfu kumi na nane na mia tano.